Kwa Nini Figo Ndizo Zinazopanga Mwendo wa Mpanda Kilimanjaro

Watu wengi huamini kwamba juu ya Mlima Kilimanjaro oksijeni imekwisha hewani. Haijaisha. Hewa ya ufukweni Tanga na hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, zote zina oksijeni ya asilimia 21 hivi. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Huo ndio unaoisukuma oksijeni ivuke kutoka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na kuingia kwenye damu, na pale kileleni umebaki karibu nusu ya ule wa pwani. Vuta pumzi ileile, kifua kijae vilevile, utakuwa umeingiza karibu nusu tu ya oksijeni uliyozoea.

Mtu akichukuliwa kutoka pwani na kufikishwa pale ghafla, hatakaa sana kabla ya kuanza kuchanganyikiwa, na anaweza hata kuzimia. Lakini kila mwaka maelfu ya watu wanafika kwa miguu yao, wanapiga picha kwenye kibao cha Uhuru, kisha wanashuka na akili zao timamu. Kinachowatofautisha na yule wa kwanza ni siku chache walizokaa njiani. Katika siku hizo mapafu, moyo, figo, ini, uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza chembe za damu) na ubongo vimekuwa vikipelekeana habari na kujipanga upya usiku na mchana. Mwenye mwili hana taarifa. Anachojua yeye ni kwamba kichwa kinamuuma na mkojo haumpi nafasi ya kulala.

Shuleni tulisoma mfumo wa upumuaji sura yake, mzunguko wa damu sura yake, utoaji wa taka mwilini sura yake, kila sura na mchoro wake na maswali yake mwishoni. Ukizisoma hivyo unaweza kufaulu mtihani bila kuona kwamba sura zote zinamzungumzia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mlima unazikutanisha. Na jambo ninalotaka lieleweke kuliko yote ni hili: mifumo ya mwili inasaidiana kweli, lakini haina kasi moja. Mapafu na moyo hujibu ndani ya dakika. Figo zinahitaji siku. Uboho unahitaji wiki. Tena kila mfumo unapotoa msaada wake, unauachia mfumo mwingine tatizo jipya la kushughulikia.

Tuanze na dakika za mwanzo. Shingoni, kila upande, pale ambapo ateri kubwa inayopeleka damu kichwani inagawanyika matawi mawili, kuna kinundu chenye ukubwa wa punje ya mchele. Kazi yake ni kuionja damu inayopita na kupima oksijeni iliyomo. Mbelgiji Corneille Heymans alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha kwamba vipimo vilivyoko kwenye mishipa mikubwa ya damu, vikiwemo hivi vya shingoni, vinaongoza upumuaji. Oksijeni ikishuka, vinundu hivi hupiga taarifa kwa njia ya neva hadi kwenye shina la ubongo, nalo linaamuru kiwambo na misuli ya mbavu ifanye kazi zaidi. Unaanza kuhema hata ukiwa umekaa. Wakati huohuo homoni ya adrenalini inaongezeka na moyo unaenda mbio. Mtu ambaye nyumbani mapigo yake ni 70 kwa dakika anaweza kujikuta na 90 au zaidi akiwa amejilaza tu kambini.

Hapo ungedhani tatizo limekwisha: oksijeni kidogo, basi pumua zaidi. Ila kupumua kuna kazi mbili, kuingiza oksijeni na kutoa hewa ukaa, na huwezi kuongeza moja bila kuongeza nyingine. Hewa ukaa ikiyeyuka kwenye damu hutengeneza asidi. Ukihema sana unaitoa kupita kiasi, asidi inapungua, na damu inaanza kuegemea upande wa alkali. Mwili hauna mzaha na jambo hili. Kipimo cha pH, yaani cha asidi na alkali, cha damu ya ateri hubaki kati ya 7.35 na 7.45, na vimeng'enya vingi vya mwili hufanya kazi vizuri ndani ya nafasi hiyo finyu.

Sasa, ndani ya shina la ubongo kuna vipimo vingine, na hivi haviangalii oksijeni. Vinaangalia asidi inayotokana na hewa ukaa. Pwani hivi ndivyo vyenye usemi mkubwa: ukibana pumzi, kinachokulazimisha kuachia mapema ni hewa ukaa inayojilimbikiza zaidi ya oksijeni inayopungua. Mlimani, kwa hiyo, shina la ubongo linapokea amri mbili zinazopingana. Shingoni zinatoka taarifa kwamba oksijeni haitoshi, pumua zaidi. Ndani ya ubongo wenyewe inatoka taarifa kwamba hewa ukaa imepungua mno, punguza kupumua. Matokeo yake ni suluhu ya nusunusu. Unapumua kuliko kawaida, lakini kidogo kuliko unavyohitaji.

Mvutano huo unasikika kwa masikio. Lala Horombo, kambi ya njia ya Marangu iliyoko mita 3,720, usiku wako wa kwanza pale, na usikilize pumzi ya mwenzako aliyeko kitanda cha pili. Anavuta pumzi tatu au nne nzito, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Kisha zinafifia. Kisha kimya. Sekunde zinapita, kumi au zaidi, unaanza kuinua kichwa ili uhakikishe kama yuko hai, ndipo anashtuka na kuvuta pumzi kubwa, na mzunguko unaanza upya. Hajapatwa na jini wala hana pumu. Pumzi nzito zimeifagia hewa ukaa, shina la ubongo likafunga breki, na katika ule ukimya oksijeni ikashuka hadi vinundu vya shingoni vikapiga kelele tena. Akiwa macho hali hiyo hufichika. Usingizini amri zile mbili zinabaki peke yake zikipokezana.

Anayekuja kulimaliza shauri hili ni figo.

Figo mbili hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, ambao mtu akiwa ametulia husukuma kama lita 5 kwa dakika. Kutokana na damu hiyo zinachuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, kisha zinarudisha karibu yote mwilini na kutuachia lita moja na nusu au mbili za mkojo. Katika majimaji hayo yaliyochujwa kuna baikaboneti, chumvi inayoipa damu tabia ya alkali. Kwa kawaida figo huirudisha karibu yote kwenye damu, maana ni akiba ya mwili dhidi ya asidi. Mlimani, damu ikishaegemea alkali, figo zinaacha kuirudisha yote. Nyingine inamwagwa na mkojo. Taratibu pH inarudi kuelekea kawaida, ingawa hewa ukaa bado iko chini. Vipimo vya ubongoni navyo vinatulia, breki inalegea, na mapafu yanapata ruhusa ya kupumua kwa nguvu inayotakiwa.

Hii ndiyo sehemu inayonivutia kuliko zote katika habari yote hii. Chukua mtu mmoja, kambi moja, kipimo kimoja cha kubana kidoleni, kinachoonyesha kwa asilimia jinsi damu ilivyojaa oksijeni. Jioni ya kwanza Horombo kinasoma, tuseme, 84. Akae pale siku nzima, apande kidogo kuelekea kilele cha pili, Mawenzi, na kurudi, alale tena. Kesho yake kinaweza kusoma 88 au 89. Hewa ni ileile, kifua ni kilekile, chembe zake za damu ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba figo zimefanya kazi kwa saa 24 zaidi, na kwa hiyo anapumua zaidi. Namba ya mapafu imepandishwa na figo.

Na kazi hiyo haiharakishwi kwa ushujaa. Inaanza ndani ya saa chache lakini inachukua siku kadhaa kukamilika, na ukipanda zaidi inaanza upya kwa kiwango kipya. Kijana anayekimbia kilomita 10 kila asubuhi hana figo zenye kasi kuliko za mama wa miaka 60 anayetembea taratibu nyuma yake. Wakati mwingine kijana huyo ndiye anayeugua kwanza, kwa sababu misuli yake inamfikisha juu kabla figo hazijamaliza kazi ya chini. Ndiyo maana waongoza watalii wazoefu humzuia mgeni mwenye mbio hata kama anaonekana hachoki, na ndiyo maana wanamuuliza maswali yanayomtia aibu mtu asiyezoea: umekojoa mara ngapi, mkojo una rangi gani. Mkojo mwingi na mweupe mlimani ni habari njema.

Dawa inayotumiwa sana kuzuia ugonjwa wa mwinuko, asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox, inathibitisha maelezo haya. Haiongezi oksijeni wala haitulizi maumivu. Inazuia kimeng'enya ambacho figo hukitumia kurudisha baikaboneti, hivyo baikaboneti inamwagwa mapema na upumuaji unapanda mapema. Kwa lugha nyepesi, inaziwahisha figo. Kimeng'enya hichohicho kipo pia mahali pengine mwilini, na ndiyo sababu anayeitumia husikia ganzi ya kuchomachoma vidoleni, na soda humkalia mdomoni bila ladha ya gesi. Isitumiwe bila daktari, na mtu aliyewahi kudhurika na dawa za salfa au mwenye ugonjwa wa figo ndiye hasa wa kujihadhari.

Mkojo mwingi una faida nyingine na hasara yake. Maji yakipungua kwenye damu, chembe nyekundu zilizomo zinakuwa zimesongamana zaidi, kwa hiyo kila mililita ya damu inabeba oksijeni zaidi kuliko juzi, bila hata chembe moja mpya kutengenezwa. Hiyo hutokea siku ya kwanza na ya pili. Lakini damu iliyopungua maji ni kidogo na nzito, na moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kuizungusha. Baridi inaongeza mzigo: mishipa ya ngozi inajibana ili joto lisipotee, damu inakusanyika katikati ya mwili, mwili unadhani una maji mengi kupita kiasi na unaruhusu figo kuyatoa. Halafu kuna hewa kavu ya juu, inayoondoka na maji ya mwili kwa kila pumzi. Ngozi, mapafu na figo, vyote vinapoteza maji kwa sababu tofauti, na ni utumbo peke yake unaoweza kuyarudisha, kwa kunywa, saa ambayo tumbo limechafuka na halitaki kitu.

Hapa inafaa kuondoa imani moja iliyoenea sana, kwamba mpanda mlima huzoea kwa sababu anaongeza damu. Anaongeza, lakini si kwa wakati wa kumsaidia kufika kileleni.

Mfaransa François-Gilbert Viault alikwenda Morococha, kwenye milima ya Peru, mwaka 1890, akapima damu yake na ya wenzake, akakuta chembe nyekundu zimeongezeka sana baada ya wiki chache za kukaa kule juu. Baadaye ikajulikana kwamba amri ya kuongeza damu inatoka kwenye figo, kwa homoni ya erithropoietini. Namna seli inavyotambua kwamba oksijeni imepungua ilifafanuliwa na Gregg Semenza, William Kaelin na Peter Ratcliffe, waliopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019. Ratcliffe ni daktari wa figo kwa taaluma. Walionyesha kwamba seli hutengeneza protini fulani kila wakati na kuiharibu papo hapo, mradi oksijeni ipo. Oksijeni ikipungua, uharibifu unasimama, protini inajilimbikiza, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni zinazohitajika, ikiwemo ile ya erithropoietini.

Unaweza kujiuliza kwa nini kazi hii wamepewa figo. Misuli ingekuwa shahidi mbaya: ukikimbia kidogo tu oksijeni yake inashuka, na uboho ungeletewa taarifa za uongo kila ukipanda ngazi. Figo zina utaratibu wa pekee. Damu zikipata nyingi, zinachuja kwa wingi na kutumia oksijeni nyingi; zikipata kidogo, zinachuja kidogo na kutumia kidogo. Kwa hiyo oksijeni ndani ya figo haiyumbi sana kwa mwendo wa damu. Ikishuka, mara nyingi sababu ni kwamba damu yenyewe imebeba oksijeni pungufu.

Fuatilia amri hiyo mpaka mwisho wake. Figo zinatoa erithropoietini, inasafiri kwa damu hadi kwenye uboho wa mifupa. Uboho unaanza kuzalisha chembe changa nyekundu. Chembe hizo zinahitaji madini ya chuma kutengeneza hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, kwa hiyo zenyewe zinatoa homoni nyingine inayokwenda kwenye ini. Ini, likiisikia, linapunguza hepsidini, homoni ambayo kazi yake ni kuufungia utumbo mlango wa kupokea chuma. Hepsidini ikipungua, mlango unafunguka, na chuma cha chakula ulichokula kinaingia kwa wingi zaidi. Figo, mifupa, ini, utumbo, kisha damu tena: mifumo minne au mitano ya vitabu vyetu vya shule ndani ya ujumbe mmoja. Erithropoietini hupanda ndani ya saa chache, lakini chembe mpya huanza kuonekana kwenye damu baada ya siku kadhaa, na ongezeko la maana linahitaji wiki. Mpanda Kilimanjaro wa siku sita anakuwa ameshafika Moshi anaoga maji ya moto. Mwanariadha anayekwenda kukaa Iten, kwenye mita 2,400 hivi, anakaa kwa wiki na miezi, na huyo ndiye anayenufaika na damu mpya.

Hadi hapa nimezungumzia misaada inayofaa. Mingine inadhuru, na inadhuru kwa nia njema. Mishipa midogo ya damu ndani ya mapafu ina tabia ambayo mishipa ya sehemu nyingine za mwili haina: ikikutana na oksijeni pungufu inajibana. Pwani tabia hii ni hekima. Mtu akipata nimonia kwenye sehemu moja ya pafu, hewa haifiki pale, mishipa ya pale inajibana, na damu inaelekezwa kwenye sehemu nzima ambako itapata oksijeni. Mlimani pafu lote lina oksijeni pungufu, kwa hiyo mishipa inajibana kila mahali. Damu haina pa kukimbilia. Moyo upande wa kulia unasukuma kwa nguvu zaidi, shinikizo ndani ya mapafu linapanda, na kwa baadhi ya watu majimaji yanaanza kuvuja kutoka kwenye mishipa na kuingia kwenye vifuko vya hewa. Dalili yake ya mapema ni kuchoka kusiko kwa kawaida na kikohozi kikavu. Baadaye mtu anahema hata akiwa amelala, kifua kinatoa mlio wa majimaji, na anaweza kukohoa povu lenye rangi ya waridi. Asubirishwe mpaka asubuhi, anaweza kufa.

Ubongo nao uko katikati ya mabishano. Uzito wake ni asilimia 2 tu ya mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Oksijeni ikipungua, mishipa yake inatanuka ili ipate damu zaidi. Hewa ukaa ikipungua, mishipa hiyohiyo inajibana. Mlimani vyote viwili vimepungua, na jinsi mizani inavyoegemea hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa wengi mwisho wake ni kichwa kuuma. Kwa wachache ubongo unavimba, na ishara yake kubwa haiko kichwani bali miguuni: mtu anayumba. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa kidole cha mguu mwingine. Akishindwa, akianza kuongea yasiyoeleweka, au akikasirika bila sababu na kusisitiza kwamba yuko sawa, ashushwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usimuulize mgonjwa kama anataka kushuka. Kiungo ambacho angekitumia kuamua ndicho kinachoumwa. Ndiyo maana naona ni hatari kubwa mtu kuficha dalili kwa kuogopa kuonekana dhaifu mbele ya kundi, au kampuni kumwacha mwongozaji achague kati ya usalama wa mgeni na malipo ya kileleni.

Kwenye chakula nitapita haraka. Damu inayokwenda tumboni na kwenye utumbo hupungua kwa sababu inahitajika kwingine, mmeng'enyo unazorota, hamu ya kula inakwisha. Gesi iliyomo tumboni nayo inatanuka kadiri mgandamizo wa nje unavyoshuka, na tumbo linajaa. Wapishi wa mlimani wanafanya vizuri wanaposhikilia uji, viazi, wali, tambi na supu: wanga hutoa nishati zaidi kwa kila lita ya oksijeni kuliko mafuta. Nyama ya kukaanga kwenye kambi ya juu ya Kibo ni mzigo kwa tumbo lililonyimwa damu.

Baada ya haya yote, angalia ratiba. Ushauri wa kitabibu unaokubalika kote ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya mahali ulipolala jana na utakapolala leo, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Njia ya Marangu kwa siku tano inakulaza Mandara kwenye mita 2,720, Horombo mita 3,720, Kibo karibu mita 4,700, na usiku huohuo unaamshwa kwenda kileleni. Ni mita elfu moja kwa siku, mara mbili ya kinachoshauriwa, na kilele juu yake. Ada za hifadhi hulipwa kwa siku, kwa hiyo safari fupi ni ya bei nafuu na inauzika. Nasema wazi kwamba siku tano ni chache mno kwa mtu aliyetoka usawa wa bahari. Siku moja ya nyongeza Horombo ina thamani kuliko viatu vya bei kubwa. Njia ya Machame ina hekima yake: inakupandisha hadi Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, kisha inakushusha ulale Barranco, karibu mita 3,900 na ushei. Mchana vinundu vya shingoni na figo vinapata ujumbe mkali wa kujipanga, usiku mwili unapata nafasi ya kutekeleza. Wapagazi, wanaobeba mizigo na kutangulia, nao wana figo kama za wageni. Kuzaliwa chini ya mlima si kinga, na wanaugua.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo moja ambalo miongozo mingi ya wapanda milima hulitaja kwa mstari mmoja tu. Ugonjwa wa selimundu, au sikoseli, umeenea sana kwetu, na waliorithi jeni moja tu bila kuugua ni wengi zaidi. Chembe zenye hemoglobini ya selimundu hujikunja zikikosa oksijeni na kuziba mishipa midogo. Mwenye ugonjwa wenyewe hapaswi kwenda kwenye miinuko hiyo bila daktari wake kuridhia, na mara nyingi jibu litakuwa hapana. Mwenye jeni moja huishi maisha ya kawaida pwani, pengine bila kujua kamwe. Juu, kwa baadhi yao, bandama inaweza kuzibwa damu: maumivu makali ghafla juu ya tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu. Akidhaniwa ana gesi na kupewa chai ya tangawizi, muda wa thamani unapotea. Kipimo cha damu kabla ya safari ni rahisi kuliko hayo yote.

Mazungumzo haya ya viungo hayakuumbwa kwa ajili ya mlima. Yanaendelea katika kila wodi huku chini. Mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika hulala usiku na ile pumzi ya kupanda, kufifia na kunyamaza, kwa sababu damu inachelewa kufika kwenye vipimo na amri zinapishana. Mvuta sigara ambaye mapafu yameharibika kiasi cha kushindwa kutoa hewa ukaa, figo zake zinafanya kinyume cha zile za mlimani: zinalimbikiza baikaboneti ili kuikabili asidi. Na mgonjwa wa figo sugu huishiwa damu. Ndugu wanamletea maini, matembele na juisi ya rosela, wanamlaumu kwamba hali vizuri, na damu haipandi. Uboho wake mara nyingi una uwezo wa kufanya kazi, na hata chuma kikiwepo, figo hazipeleki amri ya kutosha. Anachohitaji, pamoja na matibabu ya figo na chuma kama kimepungua, ni sindano ya erithropoietini, homoni ileile. Kama kuna mgonjwa wa namna hiyo nyumbani kwenu, muulizeni daktari wake kuhusu hiyo sindano kabla ya kumwongezea sahani ya maini.